Kiendeshi: Istilahi na Kadi ya Sauti Iliyo Bubu

Kiendeshi ni programu inayouwezesha mfumo endeshi wa kompyuta kukiamuru kifaa kimoja mahususi, kiwe printa, kamera au kadi ya sauti. Mfumo endeshi haujui tabia ya kila chipu iliyotengenezwa duniani. Wenyewe hutoa agizo la jumla, kwamba sauti hii ichezwe, na kiendeshi hulifasiri agizo hilo kwa ishara zinazoeleweka na chipu iliyopo. Kiendeshi kisipokuwapo, kadi hupata umeme lakini hubaki bubu.

Neno hili limetokana na kitenzi endesha, kauli ya kusababisha ya enda, kwa kuongezwa ki- mwanzoni na -i mwishoni, kama ongoza ilivyozaa kiongozi. Wingi wake ni viendeshi. Ngeli ya KI-VI inalifaa, kwa kuwa ndiyo inayobeba majina mengi ya zana: kikokotoo, kiyoyozi, kipaza sauti. Driver ya Kiingereza ilikwisha kuingia katika Kiswahili zamani kwa sura ya dereva, lakini dereva ni mtu, yule anayeshika usukani wa basi la Moshi kwenda Marangu. Mafundi wa kompyuta wa Moshi, kama wenzao wa miji mingine ya Tanzania, husema draiva: "Mashine haina draiva ya sauti." Draiva inaeleweka mezani kwa fundi. Kiendeshi kina faida ya ziada, kwani kinaonesha udugu wake na mfumo endeshi, na kazi ya hivyo viwili haitengani.

Hata hivyo, kiendeshi kina kasoro moja. Neno hilohilo hutumika pia kwa kifaa kinachosoma na kuandika diski. Mtu akisema "kiendeshi kimeharibika", fundi hajui kama afungue kasha la mashine au aguse programu. Haja ya kutenganisha maana za namna hii ilikua Kiswahili kilipoanza kutumika ndani ya programu zenyewe, kama mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulivyofanya kwa Jambo OpenOffice, iliyotolewa mwaka 2004. Njia rahisi ya kuondoa utata ni kutaja kifaa kila mara, yaani kiendeshi cha kadi ya sauti, na kukiacha kile kingine kiitwe diski.

Kwenye Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, istilahi hii inahitaji uangalifu zaidi. Aliyezoea kusakinisha Windows hutarajia kupata viendeshi kwenye CD au tovuti ya kiwanda. Viendeshi vingi vya Linux vimo tayari ndani ya kiini cha mfumo, vikiwa vipande viitwavyo moduli. Vya sauti viko chini ya ALSA, mradi ulioanzishwa na Jaroslav Kysela mwaka 1998 na kuingizwa katika kiini cha toleo la 2.6, lililotoka Desemba 2003. Kompyuta nyingi za mtumba zina chipu ya sauti inayofuata muundo wa Intel wa mwaka 2004, na moduli yake ni snd_hda_intel. Kwa hiyo mashine inapokuwa bubu, mara nyingi kiendeshi kipo. Hitilafu iko kwingine.

Kuitafuta hitilafu hiyo kunafanana na kufuatilia mfongo uliokauka. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mifongo huchepusha maji ya vijito na kuyafikisha kwenye vihamba vya migomba na kahawa. Maji yasipofika kihambani, anayefuatilia huanza kwenye banio na kushuka hatua kwa hatua hadi yanapoishia.

Banio la sauti ni chipu yenyewe. Amri lspci -k huorodhesha vifaa vilivyounganishwa na kutaja moduli inayotumiwa na kila kimoja. Chipu isipoonekana kabisa, huenda imezimwa kwenye BIOS au imekufa. Ikionekana bila moduli, hapo ndipo tatizo la kiendeshi lilipo kwa maana halisi.

Hatua ya pili ni aplay -l, inayoorodhesha kadi ambazo ALSA inaweza kuzitumia. Orodha ikiwa tupu wakati moduli ipo, ujumbe wa kiini unaotolewa na dmesg husomwa. Kwenye kompyuta mpakato mpya kidogo, mara nyingi ujumbe huo hudai programu ndogo inayopakiwa ndani ya chipu. Hiyo si kiendeshi, na huwekwa kwa kifurushi chake.

Hatua ya tatu ni alsamixer. Herufi MM chini ya mhimili zina maana kwamba njia hiyo imefungwa. Kubonyeza M huifungua. Hatua ya nne ni mwelekeo: mfumo unaweza kuwa unapeleka sauti kwenye waya wa HDMI wakati msikilizaji anasubiri kwenye spika.

Hitilafu sugu ni ile inayobaki baada ya hatua zote hizo kupita salama. Mara nyingi kiwanda kimeunganisha pini za chipu kwa mpangilio wake, na kiendeshi kinapeleka sauti kwenye pini isiyo na spika. Marekebisho ni mstari mmoja ndani ya faili lililo chini ya /etc/modprobe.d, wenye chaguo la model linalolingana na mashine, kisha kuiwasha upya. Kabla ya hapo, ni busara kuiwasha mashine kwa flashi yenye toleo jingine la Linux. Sauti ikitoka, spika na chipu ni nzima.

Katika hatua zote hizo, kiendeshi kinakosekana katika moja tu. Kauli "haina draiva", ikitumiwa kwa kila kadi iliyo bubu, humtuma fundi kutafuta kitu ambacho tayari kimo ndani ya mashine. Kiendeshi kibaki jina la programu inayoiamuru chipu. Njia iliyofungwa, mwelekeo usio sahihi na pini zilizopangwa vingine zitajwe kwa majina yake.