Neno "Skwota" katika Nchi ya Majani Chai: Asili Yake na Mageuzi ya Maana

Wakipsigis huigawa nchi yao kwa baridi na joto. Nyanda za juu zenye ukungu, ambako leo majani chai yametanda toka Kericho hadi Bomet, ni mosop. Nchi ya chini inayoteremka kuelekea bonde la Nyando ni soi, na ndiyo asili ya jina la mahali Soin. Zamani ng'ombe walipandishwa na kuteremshwa kufuata malisho, na mashauri ya majirani yalikatwa na kokwet, baraza la ujirani. Kiswahili kinachosemwa huko leo, kama kile cha sehemu nyingine nyingi za Kenya, kina neno jingine kabisa la kueleza uhusiano wa mtu na ardhi: skwota, wingi maskwota. Madhumuni ya makala haya ni kulifuata neno hilo lilikotoka, na kuonyesha kwamba kila lilipohama maana yake ilikatwa upya na yule aliyekuwa na uwezo wa kuandika sheria.

Shina lake ni Kilatini. Kitenzi "cogere" kilikuwa na maana ya kusukuma pamoja, kulazimisha. Kutokana na umbo lake la kutendwa, "coactus", Kifaransa cha kale kilipata "quatir", kubana, na kwa kiambishi cha mwanzo "esquatir", kuponda kitu mpaka kiwe bapa. Wanormani walioitawala Uingereza baada ya mwaka 1066 waliacha maneno ya namna hii kwa mamia. Katika Kiingereza cha karne ya 14 "squat" lilikuwa bado ni kuponda. Baadaye likawa kujibana chini, kama afanyavyo sungura anapomwona mwindaji, na hatimaye kuchuchumaa. Hatua hizi si za ajabu: abanwaye hujikunyata.

Hatua ya kuingia katika ardhi ilifanyika Marekani. Mwaka 1788 James Madison, katika barua yake kwa George Washington, alilitumia neno "squatter" kwa watu waliokaa katika ardhi ya wengine bila hati. Picha yake ni ya mtu aliyechuchumaa tu, asiyeketi kwa starehe, tayari kuinuka atakapofukuzwa. Katika Australia neno lilipanda cheo upesi mno. Mwanzoni liliwahusu wezi wa mifugo na watu wasio na makao; lakini baada ya sheria ya mwaka 1836 kuwaruhusu wafugaji kulisha mifugo katika ardhi ya serikali kwa leseni, "squatter" akawa bwana mwenye maelfu ya kondoo, na watoto wake wakahesabiwa miongoni mwa wakubwa wa nchi. Wenyeji wa asili wa ardhi hiyo hawakupata cheo hicho.

Kenya ililipokea neno hili kwa maana iliyopinduka tena. Sheria ya mwaka 1918 ilimtaka Mwafrika anayekaa katika shamba la mzungu amfanyie mwenye shamba kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Kwa malipo hayo aliruhusiwa kulima na kuchunga. Jina la sheria lenyewe lilimtaja kama mfanyakazi mkazi. Katika mazungumzo ya walowezi, hata hivyo, na katika maandishi mengi ya serikali, aliitwa "squatter". Hapa pana kosa mara mbili. Mtu huyu hakukaa bila idhini, kwani alikuwa na mkataba. Na mara nyingi hakuwa mgeni, kwani ardhi ilipopimwa na kugawiwa wazungu alikutwa papo hapo na ng'ombe wake.

Hali hiyo iliwapata Wakipsigis wengi, hasa upande wa Sotik. Katika Kericho, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, takriban ekari 25,000 zilitolewa kwa maafisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani ili walime kitani. Kitani hakikufaulu. Katikati ya miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilianza kilimo cha majani chai wilayani, nazo zilihitaji mikono ya kuchuma mwaka mzima, si jirani mwenye mifugo. Kisha sheria ya mwaka 1937, iliyoanza kutekelezwa 1940, ikazipa halmashauri za walowezi uwezo wa kupunguza mifugo na ekari za maskwota na kuongeza siku zao za kazi. Maskwota Wakikuyu wa Naivasha na Nakuru walikuwa wamekwisha kulipa zoezi la kupunguziwa mifugo jina la Kiswahili, kifagio. Jina hilo linaeleza jambo kwa uwazi ambao Kiingereza cha serikali hakikuufikia.

Kisarufi, skwota limeingia katika ngeli ya ji-/ma- pamoja na karani na bwana, huku likifuata upatanisho wa viumbe: skwota ameondoka, maskwota wameondoka. Limezaa nomino dhahania uskwota. Kitenzi chake hakikuja nalo. Msemaji wa Kiswahili hahusishi skwota na kuchuchumaa, sembuse kupondwa. Anachopokea ni hukumu tupu, bila ile picha iliyoizaa.

Jambo la kushangaza zaidi ni kwamba Kiswahili hakikuwa na upungufu wa msamiati hapa. Kina kitenzi lowea, yaani kuhamia ugenini na kukaa huko mpaka kuzoea, na jina mlowezi. Lakini neno hilo wasemaji walimpa mzungu mwenye hati. Aliyekutwa papo hapo wakamwachia neno la kukopa. Wapo wanaopendekeza mvamizi badala ya skwota, kwa kuwa ni neno la Kibantu. Pendekezo hilo halifai, kwa sababu linakoleza lile kosa la kwanza la Kiingereza na kumpa mwenyeji jina la adui.

Ugumu wa kulitumia neno unaonekana kwa Watalai, ukoo wa viongozi wa kidini wa Kipsigis. Kwa sheria ya mwaka 1934 serikali iliwahamishia Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria. Waliporudi mwaka 1962 wengi wao hawakupata ardhi, wakaishi mjini Kericho wakiitwa maskwota, mashamba ya majani chai yakiwa yamewazunguka. Mwaka 2022 wawakilishi wa Watalai na Wakipsigis walipeleka malalamiko yao dhidi ya Uingereza katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Humo wanajitaja kuwa watu walioondolewa katika ardhi yao wenyewe.