Upimaji wa Kuvu na Hewa ya Ndani: Istilahi na Kinachopimwa

Upimaji wa kuvu na ubora wa hewa ya ndani ni uchunguzi wa jengo unaokusudia kubaini iwapo unyevu, kuvu, moshi, gesi au vumbi lililomo ndani yake linaweza kuwadhuru wanaoishi au kufanya kazi humo. Hewa ya ndani ni ile iliyozingirwa na kuta na paa, ambayo hubadilishwa na ya nje kupitia madirisha, milango na matundu. Na ubora wake hukadiriwa kwa kiasi cha vitu vinavyoelea au kuchanganyika ndani yake, wala si kwa harufu peke yake, kwa kuwa baadhi ya gesi hatari hazina harufu kabisa.

Kwa kiumbe anayepimwa, Kiswahili kina maneno matatu yanayogombania nafasi moja. Ukungu ni utando wa mkate uliochacha, lakini pia ni mvuke unaotanda vilimani asubuhi, hivyo mpimaji anayeandika kwamba nyumba ina ukungu huacha shaka. Koga hutumika zaidi kwa utando unaoshika nguo na viatu vya ngozi vilivyofungiwa. Kuvu ni jina la kundi zima la viumbe hao, wakiwemo hamira na uyoga, na Tanzania imekwisha kulitumia rasmi katika neno sumukuvu, lililoenea mno baada ya watu kufariki kwa kula nafaka zilizochafuliwa mikoani Dodoma na Manyara mwaka 2016. Kwa sababu hiyo kuvu ndilo linalostahili kukaa katika istilahi, na ukungu ubaki angani.

Nshamba, katika Wilaya ya Muleba mkoani Kagera, ni mahali pazuri pa kuipima istilahi hiyo. Ziwa Viktoria huzipatia mvua nyingi kingo zake za magharibi, kiasi kwamba Bukoba hupata takriban milimita 2,000 kwa mwaka. Katika mushonge, nyumba ya asili ya Wahaya iliyoezekwa kwa nyasi, moshi wa moto wa ndani ulipenya katika nyasi, ukazikausha na kufukuza wadudu, huku ukiwaumiza wenye nyumba macho na mapafu. Nyumba ya matofali ya kuchoma na mabati imepunguza adha hiyo, lakini ina maji ya namna yake: yale yanayofyonzwa na matofali kutoka ardhini pale msingi ulipojengwa bila tabaka la kuzuia unyevu, na yale ya mvuke unaogeuka matone chini ya bati lililopoa usiku. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, lilizipasua kuta nyingi za Kagera msimu wa vuli ukikaribia, na ufa usiozibwa ni mlango wa mvua. Aidha, kuziba upenyo ulio kati ya ukuta na paa ili mbu wasiingie, jambo lenye manufaa makubwa katika wilaya iliyosumbuliwa na malaria kama Muleba, hupunguza mzunguko wa hewa iwapo hapawekwi wavu.

Mpimaji hutenganisha unyevu, yaani maji yaliyomo ndani ya ukuta au mbao, na unyevuanga, yaani mvuke uliomo hewani ukilinganishwa na ule ambao hewa ingeweza kuubeba katika jotoridi hilo. Kuvu huanza kustawi pale unyevuanga unaogusa uso wa ukuta unapokaa juu ya asilimia 80 hivi, na kitu kilicholowa kisipokaushwa ndani ya saa 24 hadi 48 huweza kuota kuvu. Kipimo kinachojulikana zaidi, cha kuvuta hewa kwa pampu na kuhesabu spora, yaani chembe za uzazi za kuvu, ndicho chenye faida ndogo kuliko vyote: nyumba iliyozungukwa na migomba na majani yanayooza hupokea spora nyingi kutoka nje, hivyo hesabu ya ndani isiyolinganishwa na ya nje haina maana. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 haukuweka kiwango chochote cha spora, bali ulitaka unyevu wenyewe uzuiwe.

Kwa moshi, viwango vipo. Mwaka 2021 shirika hilo lilipendekeza kwamba chembe zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5 zisivuke wastani wa mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo kwa mwaka, kiasi ambacho jiko la kuni ndani ya chumba hukipita kwa mbali. Jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa hutoa pia kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu wakiwa usingizini.

Mkulima wa Kagera hahitaji kufundishwa upya maana ya kupima unyevu, kwa kuwa kahawa safi, yaani iliyokobolewa, isiyokaushwa hadi asilimia 12.5 au chini yake huota kuvu ghalani. Ukuta nao upimwe hivyo hivyo, kwa macho, pua na kipimaunyevu, kuanzia msingi hadi paa, kabla ya kulipia maabara. Na pale kuvu inapoonekana wazi ukutani, kwa kawaida hakuna haja ya kuhesabu spora: chanzo cha maji kizibwe, ukuta ukaushwe, na kuvu iondolewe.