Mgao wa uzalishaji na kesi za faini

Mgao wa uzalishaji ni kikomo cha kiasi ambacho mkulima, chama cha ushirika au kiwanda kinaruhusiwa kutoa katika msimu au robo ya mwaka. Anayekivuka hutozwa faini, hupokonywa leseni au mali yake hukataliwa sokoni. Katika kaunti za Kisii na Nyamira, eneo la Gusii magharibi mwa Kenya, mgao ulijulikana kwanza kupitia kahawa, kisha pareto. Kesi zilizoandikwa kwa kina zaidi kuhusu faini za kuvuka mgao, hata hivyo, ni za chuma, na zilisikizwa Luxembourg katika miaka ya 1980. Kenya nayo ina kesi yake ya chuma, ila imekaa kinyume: mwaka 2023 viwanda tisa vilitozwa faini kwa sababu Mamlaka ya Ushindani iliamua kwamba vilipatana kupanga bei na kubana bidhaa.

Mambo haya yanasomwa pamoja kwa sababu yote yanauliza swali moja: ni nani mwenye haki ya kumwambia mzalishaji "koma hapa", na aliyeambiwa hivyo akalalamike wapi?

Kahawa ya Kisii

Kahawa iliingia Kenya mwaka 1893 kupitia wamisionari wa Bura, Taita. Kwa miongo minne ilibaki zao la walowezi. Mwafrika alinyimwa ruhusa kwa hoja kwamba angeeneza magonjwa ya mimea, kwamba wizi ungeongezeka mashambani, na kwamba kahawa yake ingeharibu jina la kahawa ya Kenya huko London. Hoja nzito zaidi haikuandikwa kwenye kanuni: mwenye kahawa yake nyumbani hana haja ya kwenda kuchuma ya mwingine kwa ujira mdogo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ilikubali kufanya jaribio katika sehemu tatu pekee: Kisii, Meru na Embu. Zote zilikuwa mbali na mashamba ya walowezi ya Kiambu na Thika. Kanuni za kahawa ya wenyeji za mwaka 1934 ziliambatana na masharti makali. Miche ilitoka kwenye vitalu vilivyosimamiwa na idara ya kilimo, shamba lilikaguliwa, na mkulima mmoja hakuruhusiwa kuzidisha miche 100. Kwa nafasi ya futi 9 kwa 9 iliyozoeleka Kenya, miche 100 haijazi hata robo ekari. Huo ndio uliokuwa mgao wa kwanza wa kahawa kwa mkulima wa Gusii, na ulihesabiwa mche kwa mche, mkaguzi akitembea kati ya mistari.

Miongoni mwa waliotangulia kupanda ni Musa Nyandusi, chifu wa Nyaribari na baba yake Simeon Nyachae, aliyekuja kuwa waziri. Machifu walipewa nafasi hiyo kwanza ili wawe mfano, na kwa miaka kadhaa wakulima wa kawaida walisitasita, wakihofia kwamba shamba lenye kahawa lingechukuliwa na Mzungu. Vikwazo vililegezwa baada ya Vita Kuu ya Pili, na mpango wa kilimo wa Swynnerton wa mwaka 1954 ukafungua mlango kwa wakulima wadogo nchi nzima.

Mlango huo haukukaa wazi kwa muda mrefu. Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa wa mwaka 1962 uliigawia kila nchi kiasi cha kuuza nje, na Kenya ikajikuta na kahawa iliyozidi mgao wake. Mwaka 1964 serikali ilipiga marufuku upanzi mpya. Mkulima aliyetia mche ardhini bila kibali alivunja sheria ya nchi, lakini kiwango chenyewe kilikuwa kimekubaliwa mezani na mataifa. Hapa ndipo unyonge wa mkulima ulipokuwa. Angeweza kujitetea kuhusu mche wake. Kuhusu mgao, hakuwa na mahakama ya kuiendea.

Mgao wa kahawa ulisimamishwa mwaka 1972, ukarudishwa mwaka 1980, ukaporomoka Julai 1989. Bei ya dunia ilianguka karibu nusu kwa muda mfupi, na vyama vya ushirika vya Kisii na Nyamira vikaanza miaka migumu ya madeni na malipo yaliyochelewa. Kizazi kilichouona mgao kama pingu kiligundua kwamba ulikuwa pia nguzo ya bei.

Pareto

Pareto, zao la pili kuwa na mgao hapa, ilipandwa na wakulima wadogo wa nyanda za juu za Gusii kuanzia mwisho wa enzi ya ukoloni. Maua makavu yalipelekwa Nakuru. Sheria ya Pareto, Sura ya 340, ilimtaka mkulima awe na leseni na kuuza kwa Bodi ya Pareto pekee. Zao lilidorora kadiri malipo yalivyochelewa.

Kesi za chuma za Ulaya

Chanzo

Jumuiya ya Makaa ya Mawe na Chuma ya Ulaya ilianzishwa kwa Mkataba wa Paris, uliotiwa saini tarehe 18 Aprili 1951 na Ufaransa, Ujerumani Magharibi, Italia, Ubelgiji, Uholanzi na Luxembourg. Kifungu cha 58 kilisema kwamba mahitaji yakishuka hadi kuwa "mgogoro wa dhahiri", Jumuiya inaweza kuweka mgao wa uzalishaji, na kwamba anayeukiuka atozwe faini isiyozidi thamani ya mali iliyozidi.

Kifungu hicho kililala karibu miaka 30. Baada ya 1974 mahitaji ya chuma yalianguka huku tanuri mpya zikiendelea kuwashwa. Kamishna wa viwanda katika Tume ya Ulaya, chombo cha utendaji cha Jumuiya, Étienne Davignon wa Ubelgiji, alijaribu kwanza makubaliano ya hiari kati ya viwanda. Makubaliano yalivunjika mwaka 1980, na tarehe 31 Oktoba mwaka huo Tume ikatoa Uamuzi namba 2794/80 ulioufanya mgao kuwa lazima.

Hesabu ya mgao

Bidhaa za chuma ziligawanywa katika makundi manne. Kila kiwanda kilipewa kiwango cha rejea kutokana na uzalishaji wake wa kipindi cha kati ya Julai 1977 na Juni 1980. Kila robo ya mwaka Tume ilitangaza asilimia ya kupunguza, na kilichobaki ndicho kilichokuwa mgao wa kiwanda hicho.

Faini ya kawaida ilikuwa ecu 75 (ecu ilikuwa kipimo cha fedha cha Jumuiya) kwa kila tani iliyozidi. Kiwanda chenye mgao wa tani 100,000 kikitoa tani 106,000 kilikabiliwa na faini ya ecu 450,000. Kikivuka asilimia 10, au kikirudia kosa, faini iliweza kufika maradufu. Kabla ya kutoza, Tume ilipaswa kukipa kiwanda nafasi ya kujieleza. Baada ya kutozwa, kiwanda kiliweza kwenda Mahakama ya Haki, Luxembourg, ambayo ilikuwa na uwezo wa kufuta au kupunguza faini.

Klöckner

Mlalamikaji mashuhuri zaidi alikuwa Klöckner-Werke ya Ujerumani Magharibi. Kampuni hii ilikuwa imewekeza fedha nyingi katika kiwanda cha kisasa cha Bremen. Hoja yake ilikuwa na uzito: kiwango cha rejea kilipimwa kwa miaka ambayo kiwanda kilikuwa bado hakijafikia nguvu yake, kwa hiyo mgao ulimwadhibu aliyejenga vizuri na kumlinda mwenye mitambo mikongwe. Kampuni ilisema mgao huo ulitishia uhai wake. Iliendelea kuzalisha kupita kiasi, ikatozwa faini, ikashtaki, na jina lake likajirudia katika orodha ya kesi kwa miaka kadhaa.

Mahakama haikukubali hoja hiyo ya msingi. Katika hukumu ya Julai 1982, kesi namba 119/81, ilisema Tume hailazimiki kumhakikishia kila mzalishaji kiwango cha chini kulingana na faida anayoitaka au mipango yake ya kukua. Mgao ni mzigo wa pamoja. Ukikatwa upya kwa kila anayelalamika, hautabaki mgao.

Thyssen

Kesi ya Thyssen, namba 188/82, iliamuliwa tarehe 16 Novemba 1983, na ndiyo inayonukuliwa zaidi hadi leo. Thyssen ilikiri kuvuka mgao, lakini ikadai kwamba maofisa wa Tume walikuwa wameihakikishia kwamba ziada hiyo isingeadhibiwa. Mahakama ilijibu kwa ufupi: hakuna ofisa anayeweza kuahidi kwamba sheria haitatumika, na anayetegemea ahadi ya namna hiyo hana tegemeo la haki. Somo hili linamfaa yeyote aliyewahi kuambiwa dirishani "wewe endelea tu, tutaangalia", kisha akaletewa hati ya faini.

Valsabbia na Alpha Steel

Kesi ya Ferriera Valsabbia na wenzake, iliyoamuliwa tarehe 18 Machi 1980, ilitangulia mgao wa lazima, na ilihusu bei ya chini ya nondo. Viwanda vidogo vya kaskazini mwa Italia vilitozwa faini kwa kuuza chini ya bei iliyowekwa, vikajitetea kwamba bila kufanya hivyo vingekufa. Mahakama ilikataa utetezi wa dharura, ikasema pia kwamba haki ya mali haimkingi mfanyabiashara na misukosuko iliyo sehemu ya biashara yenyewe.

Alpha Steel ya Newport, Wales, ilipinga mgao wake katika kesi namba 14/81, iliyoamuliwa Machi 1982.

Mwisho wa mgao

Mgao wa chuma uliongezewa muda mara kwa mara hadi ukamalizika tarehe 30 Juni 1988. Mkataba wa Paris wenyewe ulikoma tarehe 23 Julai 2002.

Kenya: faini ya mwaka 2023

Sheria ya Ushindani ya Kenya, namba 12 ya mwaka 2010, inakataza katika kifungu cha 21 mapatano ya wafanyabiashara ya kupanga bei, kugawana soko au kubana uzalishaji. Adhabu inaweza kufika asilimia 10 ya mauzo ya mwaka uliotangulia. Anayepinga hukata rufaa kwenye jopo la ushindani, na kutoka hapo Mahakama Kuu.

Mamlaka ya Ushindani ilianza kuchunguza viwanda vya chuma mwaka 2020. Agosti 2023 ilitangaza faini ya jumla ya shilingi milioni 338.8, kubwa kuliko zote ilizokuwa imetoza kwa kosa la mapatano haramu hadi wakati huo. Waliotajwa ni Corrugated Sheets, Tononoka Rolling Mills, Devki Steel Mills, Doshi & Hardware, Jumbo Steel Mills, Accurate Steel Mills, Nail and Steel Products, Brollo Kenya na Blue Nile Wire Products. Kwa mujibu wa Mamlaka, makosa yalikuwa kupanga bei na kuzuia kiasi cha bidhaa.

Tofauti na Ulaya iko wazi. Davignon aliwaamuru wenye viwanda wapunguze chuma, akawatoza waliozidisha. Kenya, kupunguza kwa mapatano ya faragha ndilo kosa lenyewe. Tendo linaweza kuwa lile lile, kushikilia mali ili bei isishuke, lakini la kwanza liliandikwa katika gazeti rasmi, likatolewa sababu na likaweza kupingwa kortini. Mapatano ya siri hayana hata karatasi ya kupinga.

Chuma katika Kisii na Nyamira

Kaunti hizi mbili hazina kiwanda cha kusubu chuma. Nondo, mabati, misumari na waya wa kufungia huletwa kwa malori kutoka ukanda wa Nairobi na pwani. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira, kwenye ardhi iliyogawanywa vipande vidogo sana, na ujenzi hausimami, kuanzia nyumba za ghorofa za mji wa Kisii hadi vyumba vya mabati vya Keroka na Kebirigo.

Nondo ya milimita 10 yenye urefu wa mita 12 ina uzito wa takriban kilo 7.4. Kilo ikipanda shilingi 10, nondo moja inapanda shilingi 74, na nyumba ndogo ya matofali hutaka nondo kadhaa kwa linta peke yake. Bei ikipanda, fundi hubanwa apunguze. Nondo iliyouzwa kama ya milimita 10 lakini ikawa ya 9 imepungukiwa karibu asilimia 19 ya chuma chake, na macho hayawezi kugundua. Hayo ndiyo madhara ya bidhaa iliyobanwa: yule anayeezeka nyumba ya mama yake ndiye anayelipia.

Umuhimu wa sasa

Mgao wa kahawa na wa chuma umebaki historia. Kilichokuja karibu nao zaidi katika Nyamira kilikuwa bei ya chini ya chai ya dola 2.43 kwa kilo, iliyowekwa kwa chai ya wakulima wadogo kwenye mnada wa Mombasa Julai 2021, hatua iliyoacha shehena kubwa za chai bila mnunuzi.

Faini za chuma za Luxembourg zilikuwa kubwa, na walioshtaki mara nyingi walishindwa. Lakini walisikizwa, walipewa sababu, na hukumu zao zinasomwa hadi leo. Mkulima wa Gusii wa mwaka 1934 aliyehesabiwa miche 100 hakupata hata hilo. Mgao unaomfunga mtu ni halali pale tu anapoweza kuusoma, kuuliza umekadiriwaje, na kumpeleka mahakamani aliyeuweka.