Toronto na historia ya mapigo ya moyo

Mwaka 1949 mjini Toronto, daktari mpasuaji Wilfred Bigelow alikuwa akimpoza mbwa kwa utafiti pale moyo uliposimama ghafla. Akaugusa kwa kifaa; ukapiga. Mwaka uliofuata yeye, John Callaghan na mhandisi John Hopps wakaonyesha mashine ya kuuchochea moyo kwa umeme.

Mjini humo pia Dkt. Douglas Wigle alichunguza maradhi ya kurithi yanayoufanya msuli wa moyo kuwa mnene. Mgonjwa huvaa kinasa mapigo kwa saa 24 au zaidi, kwani mapigo ya kasi, hata ya sekunde chache asizozihisi mwenyewe, huashiria hatari ya kifo cha ghafla, hasa kwa kijana. Rekodi tulivu haiondoi hatari hiyo. Kipimo hurudiwa kila mwaka mmoja au miwili.