Wimbo wa Pasaka Uliotoka Kagera



Wapo wengi kwetu Bukoba na Muleba wanaoujua wimbo wa Pasaka uitwao "Mfurahini, Haleluya". Nadhani si wengi wajuao kwamba umo pia katika kitabu cha nyimbo cha Waprotestanti wa Ujerumani, namba 116, na katika kitabu cha Walutheri wa Marekani cha mwaka 2006, namba 364. Maneno yake yalitungwa mwaka 1966 na Bernard Kyamanywa, mchungaji wa Kilutheri wa Kagera, mkoa ambao siku hizo uliitwa Ziwa Magharibi. Yafaa tujue wimbo huo ulisafirije.

Uimbaji wa kanisa ulitufikia kwa njia mbili. Mapadre Wakatoliki walifungua misheni Kashozi mwaka 1892, na pamoja nao zikaja nyimbo za Kilatini. Kwa upande wa Waprotestanti, Wahaya waliosomea Uganda kwa Waanglikana walirudi na vitabu vya Kiganda hata kabla wamisionari wa Betheli hawajafika Bukoba mwaka 1910. Kwa hiyo tenzi za Uingereza ziliingia kwetu zikiwa zimevikwa Kiganda. Za Kijerumani zikafuata.

Kutoka Uingereza ilikuja pia solfa, yaani do, re, mi za kuandikwa kwa herufi. Aliyeianzisha ni Sarah Glover wa Norwich, na Mchungaji John Curwen akaiendeleza katika karne ya 19. Ubao na chaki vilitosha kufundishia sauti zote nne, hata pasipo kinanda.

Lakini tuni za kigeni zilikuwa na kasoro. Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho. Mara nyingi tuni ya Ulaya hukazia ya mwisho, na "Bwana" likaimbwa kama neno la lugha nyingine.

Miaka ya sitini mambo yalianza kugeuka. Huko Kamina, Kongo, misa iitwayo Missa Luba, kazi ya Padre Guido Haazen, ilikuwa imekwisha kunaswa katika santuri mwaka 1958. Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa nafasi kwa muziki wa wenyeji katika ibada. Kwa Walutheri, Howard Olson, mwalimu wa chuo cha Makumira karibu na Arusha, alikusanya nyimbo zenye tuni za Kiafrika. Mwaka 1968 zikatoka katika kitabu "Tumshangilieni Mungu". Ulrich Leupold aliutafsiri wimbo wa Kyamanywa kwa Kijerumani mwaka 1969, na tafsiri ya Olson ya Kiingereza ikachapwa mwaka 1977.

Sauti nazo zilianza kuhifadhiwa. Studio ya Moshi ilitayarisha vipindi vya Kiswahili vya Redio Sauti ya Injili, iliyorusha matangazo kutoka Addis Ababa tangu 1963 hadi ilipotaifishwa mwaka 1977. Baadaye zikaja kaseti. Lakini kanda huota ukungu, hunata na kukatika. Wimbo wa Kyamanywa haukutegemea kanda. Uliandikwa ukiwa na nota, jina la mtunzi na mwaka, hata mtu wa mbali akaweza kuuimba bila kumwona mtunzi wake.

Ndugu zangu, kwaya za vijijini mwetu zimetunga nyimbo nyingi ambazo hazikuandikwa popote. Waliozitunga miaka ya sitini wanapungua kila mwaka, na tunapomzika mmoja wao hatujui tumezika nyimbo ngapi.

Napendekeza maktaba ya shule yetu iwe na daftari moja la nyimbo: solfa ya sauti nne, jina la mtunzi, kijiji na mwaka. Wanafunzi wakienda likizo wawanase wazee kwa simu, kwa idhini yao, na nakala mbili zitunzwe mahali tofauti. Sisi tuliomaliza tutoe gharama za daftari na uchapaji. Kazi hiyo ianze likizo ijayo.