Teknolojia ya nyumbani kwa watu wenye demensia

Teknolojia ya nyumbani kwa watu wenye demensia ni vifaa na mifumo inayowekwa katika makazi yao ili kulinda afya na usalama wao na kuwasaidia jamaa wanaowatunza.

Demensia ni kudhoofika kwa kumbukumbu, fikra na uwezo wa kufanya shughuli za kila siku. Husababishwa na magonjwa mbalimbali ya ubongo, hasa ugonjwa wa Alzheimer. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa na hali hiyo.

Umuhimu

Wengi wenye demensia ni wazee ambao pia wana magonjwa mengine, kama vile shinikizo la damu au kisukari. Mgonjwa anaweza kusahau kumeza dawa, au kuimeza mara mbili. Anaweza pia kushindwa kueleza anavyojisikia. Kwa mfano, maambukizi ya njia ya mkojo yanaweza kujitokeza kwa kuchanganyikiwa ghafla bila homa, na jamaa wakadhani kwamba demensia yenyewe imezidi. Matibabu yakichelewa, huenda akalazwa hospitalini.

Aina za vifaa

* Kisanduku cha dawa chenye saa, ambacho hulia na kufunguka wakati wa kumeza dawa tu.
* Vihisi vya mwendo na vya milango, ambavyo huonyesha kama mtu ameamka, ameenda chooni au ametoka nje usiku.
* Kifaa cha kuzima jiko la gesi lililosahauliwa.
* Kidude cha kuvaa shingoni au mkononi, chenye kitufe cha kuomba msaada. Vingine hutambua mtu akianguka au huonyesha mahali alipo kwa GPS.
* Vipimo vya shinikizo la damu, joto la mwili na uzito vinavyotuma matokeo kwa wauguzi kupitia intaneti.

Mfano wa Uingereza

Katika eneo la Surrey, kusini mwa Uingereza, mradi ulioitwa TIHM ulianza mwaka 2016 chini ya huduma ya afya ya taifa (NHS), ukishirikiana na Chuo Kikuu cha Surrey. Taarifa za vihisi na vipimo kutoka nyumbani zilichambuliwa na kompyuta. Mabadiliko yalipoonekana, kwa mfano mtu kwenda chooni mara nyingi kuliko kawaida yake, tahadhari ilitokea kwenye skrini ya wahudumu wa afya. Hao ndio waliompigia simu mlezi na kuamua hatua ya kuchukua.

Mafanikio na mipaka

Jaribio kubwa lililoitwa ATTILA lilifanyika Uingereza likihusisha watu 495 wenye demensia. Kundi moja lilipewa vifaa kamili kulingana na tathmini ya mahitaji. Lingine lilipewa vya msingi tu, kama king'ora cha moshi. Walifuatiliwa kwa wiki 104. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2021 yalionyesha kwamba vifaa kamili havikurefusha muda wa kuishi nyumbani kabla ya kuhamia makao ya wazee, wala havikupunguza mzigo wa walezi.

Matokeo hayo hayamaanishi kwamba kila kifaa hakina faida. Ila king'ora hakimwinui aliyeanguka, na kisanduku cha dawa hakihakikishi kwamba dawa imemezwa. Kifaa husaidia pale kinapolingana na hitaji la mtu, na pale ambapo yupo wa kuitikia kinapolia. Pia huhitaji umeme na mtandao wa uhakika.

Faragha na ridhaa

Vihisi hufuatilia maisha ya ndani ya mtu, ikiwemo usingizi na matumizi ya choo. Kwa kuwa demensia huzidi kadiri muda unavyopita, ni vema mgonjwa aulizwe mapema, akiwa bado anaweza kuelewa na kuamua: afuatiliwe kwa kiasi gani, na nani aone taarifa zake. Baadaye, hata asipoweza kujieleza kwa maneno, dalili kwamba kifaa kinamwogopesha au kumkera hupaswa kuzingatiwa.