Mdukuzi na Magazeti Yaliyomsifu

Neno "mdukuzi" limekwisha kukubalika kwa maana ya mtu aingiaye katika kompyuta za wengine pasipo ruhusa. Ni la ukoo mmoja na kudukiza, yaani kusikiliza kwa siri mazungumzo ya watu. Hivyo lawama imo ndani ya neno lenyewe. Neno la Kiingereza tulifasirilo hivyo, "hacker", halikuanza na lawama hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1950, wanafunzi wa klabu ya treni za mfano katika chuo cha MIT, Marekani, walimsifu kwalo mwenzao aliyebuni njia ya werevu ya kuunganisha nyaya na swichi.

Sifa hiyo ilidumishwa na magazeti madogo ya kichinichini. Moja lilianza New York mwaka 1971, nalo baadaye likaitwa TAP. Liliwafundisha wasomaji kupiga simu za mbali bila kulipa. Laini za mbali za kampuni ya AT&T, zilipokuwa hazina mazungumzo, zilitoa mlio wa hezi 2600. Aliyeutoa mlio huohuo katika simu yake, hata kwa filimbi ya kitoto iliyotiwa kama zawadi katika pakiti za nafaka, aliihadaa mitambo idhani kuwa mazungumzo yamekwisha. Kisha kwa milio mingine akaiamuru imuunganishe na amtakaye. Gazeti lililoanzishwa mwaka 1984 lilijiita 2600 kwa kuuenzi mlio huo. Phrack, la mwaka 1985, halikuanza kwa kuchapwa kwenye karatasi. Lilipita kutoka kompyuta hadi kompyuta kwa njia ya simu. Mondo 2000, lililotoka Berkeley tangu 1989, lilimvika mdukuzi joho la shujaa, na kwa maoni yangu lilipita kiasi.

Maana hizo mbili zilikutana mahakamani Chicago mwaka 1990. Mhariri wa Phrack alishtakiwa kwa kuchapisha waraka wa kampuni ya simu ya BellSouth kuhusu huduma ya simu za dharura, ambao kampuni iliuthamini kwa dola 79,449. Upande wa utetezi ukaonyesha kuwa habari za namna hiyo kampuni yenyewe iliziuza kwa umma kwa dola 13 hivi. Mashtaka yakaondolewa.

Kwetu ugumu haujaisha. Mtaalamu aajiriwaye na benki ajaribu uimara wa kompyuta zake huitwa mdukuzi mwadilifu, kauli inayojipinga kama mwizi mwaminifu. Yafaa mdukuzi abaki na hatia yake, na ile maana ya MIT ipewe neno "mtundu". Mtundu hukaripiwa, lakini pia husifiwa: ndiye mtoto afunguaye redio ya baba yake ili aone sauti yatoka wapi. "Mtundu wa kompyuta" hahitaji kivumishi cha kumtakasa.